Kadi ya Bima ya Mbwa wa Bertilla

Kijiwe cha Zita kilikuwa kwenye baraza la duka lililokufa. Zamani, enzi za foleni, hapo palikuwa duka la ushirika, na watu walipanga mawe na vikapu tangu alfajiri wakingoja sabuni na sukari. Serikali ilipoachia biashara, sabuni ikajaa kila kibanda hapa Sumbawanga, na duka likapigwa kufuli ambalo mpaka mwaka ule wa tisini na sita hakuna aliyejua ufunguo wake uko kwa nani. Likabaki baraza lenye benchi moja refu, na Zita akaweka hapo jiko lake la mkaa, birika, vikombe kumi na viwili vya udongo na sinia la kashata. Julai upepo wa milima ya Mbizi ukishuka mjini unapenya hata koti la mtumba, na mtu aliyeshika kikombe cha kahawa ya moto haondoki upesi. Kwa hiyo wateja wake walikaa. Na mtu akikaa, atasema.

Wasemaji wakuu walikuwa watatu. Wa kwanza Adolfu, mnunuzi wa mahindi, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyeitwa Debe kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya mdomo wake. Wa pili Nyanda, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Kahama, akajenga zizi nje ya mji. Kila asubuhi alimaliza kugawa maziwa kwa baiskeli ndipo akaja kunywa kahawa. Huyo walimwita Bwana Zizi. Wa tatu alikuwa Mzee Kasimiri, karani wa mahakama aliyepunguzwa kazini pamoja na wengine wengi. Aliitwa Mzee Waraka, maana hata habari ya mvua aliitoa kama anasoma tangazo la serikali.

Mzee Waraka hakuja peke yake. Alifuatwa na mbwa jike, rangi ya udongo, aliyeitwa Watasema. Jina hilo alipewa na Bertilla, mke wa mzee, miaka tisa nyuma, alipochoka na majirani waliohesabu miaka ya ndoa yao isiyo na mtoto. Bertilla alimlea kwa uji wa ulezi. Bertilla akafa, mbwa akabaki. Kila asubuhi alilala chini ya benchi, kidevu juu ya kiatu cha mzee, mpaka kahawa iishe.

Jumatatu moja Mzee Waraka alitoa karatasi mfukoni, akaikung'uta, akavaa miwani.

— Ndugu zangu, sikilizeni. Dokta Tadei ametoa utaratibu.

Wote walimjua Dokta Tadei. Alikuwa daktari wa mifugo wa serikali, naye akapunguzwa, akafungua duka lake la dawa za mifugo karibu na soko.

— Moja, akasoma mzee. Mwenye mnyama atalipa kila mwezi, mbwa shilingi mia sita, ng'ombe elfu moja. Mbili, mnyama huyo akiugua au akiumia, atatibiwa bila malipo mengine, chanjo na dawa ya minyoo zikiwamo. Tatu, kila mnyama atakuwa na kadi yenye picha yake. Mwisho wa kujiandikisha ni Jumamosi hii.

Zita, aliyekuwa akimimina, aliona mzee anaikunja karatasi. Aliona pia kwamba chini ya namba tatu palikuwa na maandishi mengine ambayo hayakusomwa. Akamimina kikombe kinachofuata. Muuza kahawa haulizi, husikia tu.

— Ngoja kwanza, akasema Adolfu. Yaani mbwa mzima, anakula, anabweka, mimi nalipa?

— Unalipa.

— Na asipougua mwaka mzima?

— Umelipa.

— Hela yangu?

— Imemtibu mbwa wa mwenzako.

— Mbwa wa mwenzangu mimi ananihusu nini? Mwaka jana alinirarua suruali! Hii ni kamari, Mzee. Wewe unaweka hela kwamba mbwa wako ataugua, Dokta anaweka kwamba hataugua. Akiwa mzima, umeliwa. Yaani utaamka asubuhi unamwangalia mbwa, unamwambia, hata kukohoa tu jamani?

Watu wakacheka. Nyanda alikuwa hajacheka. Alikuwa akipuliza kahawa yake taratibu.

— Kwetu sisi bima ya ng'ombe ni ng'ombe, akasema. Una ng'ombe thelathini, kumi wanakaa kwa shemeji, kumi kwa rafiki, kumi kwako. Ugonjwa ukija kwako, haujafika kwa shemeji. Ndiyo bima hiyo, bhabha, na haina picha.

— Na mbwa je? akauliza Mzee Waraka. Mbwa mmoja utamgawa vipi?

Nyanda akafikiri.

— Mbwa hagawanyiki, akakiri.

— Basi Mzee lipa tu, akasema Adolfu akihamia upande mwingine wa hoja kama kawaida yake. Si wahenga walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko? Ufuko ni nini? Ni mfuko! Mbwa akiuona mfuko wa Dokta, hafi.

— Ufuko ni ufukwe wewe, akasema mzee.

— Hapa ufukwe wa wapi? Wahenga wa huku walimaanisha mfuko.

Mzee Waraka akatabasamu kidogo, akavunja kashata yake vipande viwili kama alivyofanya kila siku, akashusha kimoja chini ya benchi. Zita akasikia ulimi wa mbwa ukikigusa kile kipande, halafu akasikia kimya. Walipoondoka, alikikuta kipande pale pale, kimelowa tu, sisimizi wameanza kazi.

Jumanne mjadala ukaanza kabla ya mkaa kushika.

— Nimeota kuhusu hii bima, akasema Adolfu.

— Lala mapema, akasema Zita.

— Sikia dada Zita. Tatizo ni picha. Mbwa wa mji huu wote wamefanana. Mimi nina mbwa mmoja mwenye kadi, jirani zangu wanao tisa hawana. Wa kwanza akiugua, nampa kadi. Wa pili akiugua, nampa kadi. Mbwa kumi, kadi moja! Dokta atamtibu mbwa huyo huyo mara thelathini kwa mwaka, atasema jamani, huyu mbwa ana nuksi.

— Atamtia alama sikioni, akasema Nyanda.

— Tutawatia wote alama.

— Mimi hofu yangu ni nyingine, akasema Nyanda, akashusha sauti. Dokta akiandika ng'ombe wangu wote kwenye daftari lake, atajua ni wangapi. Akijua yeye, atajua karani. Akijua karani, itajua halmashauri. Angalieni maneno yenyewe. Kadi. Kodi. Herufi moja tu imehama.

Hapo hata waliokuwa wakisubiri kikombe wamesimama walipiga makofi. Nyanda, ambaye hakuzoea kupigiwa makofi, akaona aibu, akajificha kwenye kikombe.

— Halafu kuna tabia ya mbwa mwenyewe, Adolfu akapandisha dau. Mbwa mwenye bima hawezi kubweka tena. Ataona mwizi anaruka ukuta, atasema, mimi mwenzenu nina kadi, haraka ya nini.

— Hapana, akasema Nyanda. Mwenye bima ndiye atamrukia mwizi mwenye panga. Anajua atashonwa bure.

— Atakuwa mvivu!

— Atakuwa jasiri!

— Mzee Waraka, amua. Wewe ni mtu wa mahakama.

Mzee hakuwa anasikiliza. Aliinama, mkono wake uko chini ya benchi, unampapasa mbwa tumboni polepole, kama mtu anayetafuta sarafu gizani. Alipoona wanamtazama, akautoa mkono.

— Shauri limeahirishwa, akasema.

Jumatano Adolfu alikuja na hasira. Alikuwa amenunua magunia sita ya mahindi kutoka kijiji kimoja, juu meupe kama meno, chini yameota ukungu.

— Mtu anakuangalia machoni, anakufungia gunia, anajua kabisa chini kuna nini! Lakini wahenga walishamaliza, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Nimeyamwaga yote mbele ya nyumba yake.

— Hiyo methali haihusu mahindi, akasema mtu.

— Inahusu chochote kilichooza kikafichwa!

Zita alikuwa anamtazama Mzee Waraka wakati huo. Alimwona akikiweka kikombe chini kikiwa nusu. Miaka sita mzee huyo hakuwahi kuacha kahawa nusu. Akasimama, akasema anawahi mahali, na Watasema akainuka nyuma yake, miguu ya nyuma ikiwa imetanuka, kama anayebeba kitu asichotaka kiguse ardhi.

Wengine walipomsema kwamba uzee umemfanya mchoyo, kwamba mia sita tu inamkosesha usingizi, Zita hakumtetea mzee wala hakuwaunga mkono wao. Alikaa na kile alichokiona.

Alhamisi mzee alibaki baada ya wenzake kuondoka. Zita alikuwa anasuuza vikombe.

— Zita, akasema, wewe ungekuwa mimi ungelipa?

— Mzee, hiyo si habari ya mia sita.

Mzee akaingiza mkono mfukoni. Kisha akaitoa ile karatasi na kumpa. Zita alisoma hadi darasa la saba, na namba nne ilikuwa fupi: mwenye mnyama atatia saini kwamba mnyama wake hana ugonjwa wala uvimbe wowote siku ya kujiandikisha.

— Ana uvimbe, akasema mzee. Kwenye ziwa la nyuma. Niliugusa mara ya kwanza mwezi wa tano, ulikuwa kama punje ya mahindi. Sasa ni kama yai la kuku.

— Umempeleka kwa Dokta?

— Nikimpeleka nitaambiwa ni nini. Nami nitakuwa nimejua.

Zita akapangusa mikono kwenye kanga. Alitazama mbwa, na mbwa akamtazama. Aliyosema baadaye yalimshangaza yeye mwenyewe, maana hakujiona mtu wa kusema hivyo.

— Saini tu, Mzee. Uko chini ya tumbo, nani atainama kuangalia? Saini, lipa mwezi wa kwanza, mwezi wa pili mpeleke. Utasema umeanza juzi.

Mzee alivua miwani.

— Miaka thelathini na moja, Zita, nilikuwa nawashikisha watu kitabu kitakatifu. Mkono juu, sema kweli tupu. Wengine niliwaona wanasema uongo, nami nikaandika maneno yao vile vile, maana hiyo ndiyo kazi. Nilikuwa nikirudi nyumbani namsimulia Bertilla, tunacheka. Sasa niseme uongo kwa ajili ya mbwa wa Bertilla?

— Bertilla angesema saini.

— Ndiyo, akasema mzee, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akacheka kweli. Bertilla angesaini yeye mwenyewe, na angeazima kalamu ya Dokta.

Wakakaa hapo mpaka jiko likapoa. Hawakukubaliana neno. Mzee alipoondoka Zita alijilaumu kwa ushauri alioutoa, na usiku akajilaumu tena kwa kuwa alikuwa bado anaona ulikuwa ushauri mzuri.

Jumamosi Dokta Tadei akaja mwenyewe kijiweni na begi la kadi, kwa kuwa alisikia kwamba hapo ndipo bima yake inapopigwa mawe. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kucha safi kupita kiasi. Akaagiza kahawa.

— Shikamoo Mzee Waraka. Habari zenu wengine.

— Marahaba, Dokta.

— Dokta, akaanza Adolfu, mimi nina maswali kumi na saba.

— Ngoja, akasema Mzee Waraka. Akasimama. Akavua kofia, ingawa upepo ulikuwa mkali, akaendelea: Mimi ndiye niliyeleta shauri hili hapa, nami sikulisoma lote. Kuna kifungu cha nne. Nilikikunja kwa sababu siwezi kukitia saini. Huyu mbwa ana uvimbe tangu mwezi wa tano.

Adolfu, aliyekuwa ameshafungua mdomo kwa swali la kwanza, aliufunga.

Dokta aliweka kikombe chini. Akapiga magoti kwenye vumbi, suruali yake ya kadeti na yote, akamlaza Watasema ubavu na kumpapasa. Mbwa hakunguruma. Alitazama mbali tu, upande wa barabara ya Chanji, kama mgonjwa anayeona haya.

— Unatembea chini ya ngozi, akasema Dokta. Haujashika nyama ya ndani. Hiyo ni habari nzuri. Unaweza kukatwa.

— Kwa kadi? akauliza Adolfu.

Dokta akanyanyuka, akajipangusa magoti.

— Kwa kadi, hapana. Na nisikilizeni, nisionekane mbaya. Mfuko huu una wanyama arobaini na mmoja tu. Nikimpokea aliyekwisha kuugua, Jumatatu mji mzima utaniletea wagonjwa, wazima watabaki nyumbani. Mwezi mmoja mfuko umekufa, na wale arobaini na mmoja nimewadhulumu. Mzee, nakuomba radhi.

— Huna kosa, akasema Mzee Waraka. Ningekuwa mimi, nami ningekiandika kifungu hicho hicho.

— Kumkata nje ya kadi ni elfu kumi na tano. Nitapunguza ninapoweza, lakini dawa ya usingizi nainunua.

— Usipunguze.

Aliposema hivyo Adolfu alishindwa kuvumilia.

— Mzee wangu, samahani, mimi ni mwanao. Elfu kumi na tano kwa mbwa wa miaka tisa? Bwana Zizi hapa watoto wa mbwa anatoa bure. Kinga ni bora kuliko tiba. Chukua mtoto mpya, mkatie kadi akiwa mzima, umeanza upya. Poa kabisa.

Zita alidhani mzee atakasirika. Aliyejibu alikuwa Nyanda.

— Watoto wa mbwa ninao, akasema. Wanne. Lakini nikwambie, Debe. Nilipokuwa Ilemba, bondeni Rukwa, kabla sijapanda huku juu, nilikuwa na mbwa. Fisi waliingia zizini, akapigana nao mpaka kunakucha. Asubuhi nikamkuta kachanwa hapa tumboni. Nilikuwa na ng'ombe arobaini, bhabha. Ningeuza ndama mmoja nikamtibu. Nikasema, mbwa huyu. Nikamwacha. Alikufa siku ya tatu, na siku zote tatu kila nikipita alikuwa anatikisa mkia.

Akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja.

— Dokta, niandikie maksai wangu wanne. Na mbwa wawili. Kodi ije tu.

Jumanne iliyofuata Watasema alikatwa uvimbe. Mzee Waraka aliuza baiskeli yake, ile aliyopewa na wenzake wa mahakamani siku ya kumuaga, na Alhamisi ya wiki iliyofuata akaja kijiweni kwa miguu, polepole, mbwa nyuma yake amefungwa shuka tumboni kama bibi harusi wa ajabu. Siku hiyo kijiwe kizima kilikuwa na furaha. Adolfu mwenyewe alinunua kahawa ya wote na kuhesabu nyuzi, akasema ni tisa, Nyanda akasema ni kumi, wakabishana mpaka mbwa akachoka kuchunguliwa.

Mjadala wa bima nao haukufa, ulibadilika tu. Sasa ulikuwa hivi: kama mzee angejiandikisha mwaka jana, mbwa akiwa mzima, angekuwa amelipa kiasi gani mpaka leo, na je, baiskeli yake ingepona? Adolfu alisema mwaka jana Dokta hakuwa na bima. Nyanda akasema ndiyo maana ya bima, ukiitaka haipo, ikiwapo huitaki. Mzee Waraka alicheka, kisha akakohoa. Zita akamwambia asitoke asubuhi na baridi hii. Mzee akasema ni vumbi la barabarani tu.

Ijumaa hakuja.

— Anauguza mbwa, akasema Adolfu.

Jumamosi hakuja.

— Ushonaji una mambo, akasema Nyanda. Kidonda kikitaka kufunga, mbwa hatakiwi kutembea.

Jumatatu walikuwa wamefika mbali zaidi. Adolfu alikuwa anaeleza kwamba mbwa aliyewahi kulala kwa sindano huamka na akili ya binadamu, na huenda sasa hivi Watasema ndiye anayemkataza mzee kunywa kahawa. Watu walikuwa wanacheka kwa nguvu hata hawakumwona msichana aliyesimama mbele yao na kifurushi cha karatasi. Alikuwa Lydia, anayemsaidia Dokta Tadei dukani. Hakuwahi kufika kijiweni hapo.

— Shikamooni. Samahani. Namtafuta Mzee Kasimiri. Alitakiwa kumleta mbwa Jumamosi kutolewa nyuzi, hakuja. Dokta ameniambia nyinyi ndio watu wake. Anakaa wapi?

— Mzee Waraka? akasema Adolfu. Ah, yule tunaye hapa miaka sita. Anakaa...

Akanyoosha mkono kuelekea barabarani. Mkono ukabaki hewani.

— Bwana Zizi, kule anakokaa ni Kizwite?

— Mimi nilijua ni Chanji. Huwa anatokea upande wa Chanji.

— Nyumba ipi? akauliza Lydia.

Zita alikuwa ameshika birika. Alijua mzee anapenda kahawa kali, ya chini kabisa ya birika. Alijua kikombe gani hapendi kwa sababu kina ufa. Alijua jina la mke wake, na maneno ambayo mke huyo angesema. Akatafuta kichwani mlango, mti, dirisha, chochote, hakupata. Mashavu yakamwaka.

— Hatujui, akasema.

Halafu akafanya jambo ambalo wateja wake hawakuwahi kuliona saa tatu asubuhi: akamwaga kahawa kwenye mkaa.

— Inukeni.

Walikwenda Chanji wote, Lydia akiwa mbele, Nyanda akisukuma baiskeli yake yenye madumu matupu ya maziwa. Waliuliza kwa Mzee Waraka, watu wakatikisa vichwa. Waliuliza kwa Mzee Kasimiri wa mahakamani, wakaonyeshwa nyumba ya Kasimiri mwingine, fundi viatu. Mpaka Zita alipomuuliza mama mmoja aliyekuwa anaanika ulezi:

— Mama, kwa marehemu Bertilla ni wapi?

— Bertilla wa kwaya? Si hapo, nyumba ya pili, yenye mlango wa bluu. Mumewe yupo. Ila mbwa amelia tangu jana, tukajua ni kidonda.

Mlango haukuwa na komeo. Mbwa alikuwa amelala kizingitini na shuka lake chafu, akawaruhusu wapite. Mzee alikuwa kitandani na koti lake, pumzi fupi fupi, midomo imekauka, anawaka moto. Aliwatambua.

— Karibuni, akasema. Hakuna viti vya kutosha.

Adolfu ndiye aliyembeba. Alizoea magunia, lakini baadaye alisema kwamba mzee alikuwa mwepesi kuliko debe, na hakusema kwa mzaha. Wakamketisha kwenye baiskeli ya Nyanda, mmoja huku, mmoja kule, Zita nyuma ameshika mgongo wake, wakateremka naye hospitalini wakisimama kila anapokohoa. Lydia alibaki na Watasema, akamtoa nyuzi pale pale mlangoni. Zilikuwa kumi.

Daktari alisema ni kichomi, na kwamba wangechelewa siku moja zaidi asingeahidi lolote. Mzee Kasimiri alilazwa wiki nzima, akapigwa sindano asubuhi na jioni, akatoka kwa miguu yake mwenyewe, na miezi ya baridi iliyobaki aliamriwa anywe kahawa baada ya jua kutoka.

Lakini siku ile, kabla hajapewa kitanda, muuguzi wa mapokezi alifungua daftari kubwa. Akaandika jina. Akaandika umri. Akaandika Chanji.

— Ndugu wa mgonjwa?

Nyanda akamtazama Adolfu. Adolfu, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu kijiwe kianze, alikuwa anatazama viatu vyake.

— Nauliza, ndugu wa karibu ni nani? Mke? Mtoto? Nani ataitwa usiku kukiwa na jambo?

— Andika Zita, akasema Zita.

— Wewe ni nani yake?

— Namuuzia kahawa.

Muuguzi aliinua kichwa, akawatazama wote watatu kwa zamu, mikono yao imejaa vumbi la njia. Akasubiri kidogo, labda kuna litakaloongezwa. Hakuna aliyeongeza. Akaandika.